Wajapani Burma (2): Neno lililokwama kooni

Wiki iliyopita tuliishia Machi 1943, Tokyo ilipounda kamandi ya kuitawala na kuilinda Burma. Makao yake yalikuwa Rangoon, na mkuu wake Jenerali Masakazu Kawabe. Tarehe 1 Agosti mwaka huo Burma ikatangaziwa uhuru: Dkt. Ba Maw akawa mkuu wa nchi, Aung San waziri wa ulinzi. Kauli ya mwisho ikabaki kwa Kawabe. Wakati huohuo maelfu ya wanakijiji walikuwa wakipelekwa kujenga reli ya kilomita 415 kuelekea Siam, na wengi wao hawakurudi. Mzazi aliyempoteza mwanawe kwenye reli ile aliujua uhuru huo ulivyokuwa.

Leo tukae na mwaka 1944, kwani hapo ndipo kamandi hii ilipojivunja yenyewe.

Chini ya Kawabe alikuwapo Jenerali Renya Mutaguchi, mkuu wa Jeshi la 15, aliyeshikilia kwamba Imphal, ng'ambo ya mpaka wa India, ingeangushwa kwa wiki chache. Machi 1944 divisheni tatu zikavuka mto Chindwin na chakula cha wiki tatu tu. Ng'ombe waliochukuliwa wabebe mizigo na kisha wawe kitoweo walikufa mtoni na milimani. Imphal haikuanguka. Ikaja mvua, ile inayoletwa na pepo za kusi zilezile zilizosukuma majahazi yetu kwenda Bara Hindi, na njia zote zikageuka tope.

Mwanzoni mwa Juni Kawabe alikwenda kuonana na Mutaguchi. Wote wawili walijua kwamba vita vile vimeshindikana. Baadaye Mutaguchi alieleza kwamba neno la kurudi nyuma lilimkwama kooni, akatumaini mkubwa wake angelisoma usoni. Kawabe naye hakuuliza. Wakaagana. Amri ya kusitisha haikutoka hadi Julai, na katika wiki hizo askari waliendelea kufa kwa njaa, malaria na kuhara. Kati ya wanajeshi wapatao 85,000 walioingia vitani, 30,000 hivi walikufa.

Nimesoma habari za kushindwa kwa majeshi mengi, lakini ukimya huu wa watu wawili ndio unaoniumiza zaidi. Jenerali Kotoku Sato, aliyeondoa divisheni yake, moja ya zile tatu, katika mji wa Kohima bila ruhusa kwa sababu hakuletewa chakula, alivuliwa madaraka. Ili asifike mahakamani akaeleza ukweli, ikasemwa kwamba akili yake imevurugika.

Nyuma ya jeshi hilo lililosambaratika walikuja watu wetu. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, askari walioitwa Makeya kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, ilipewa kulifukuza kupitia bonde la Kabaw, mahali palipoogopwa kwa malaria, tena mvua ikiwa bado inanyesha. Walipita kati ya maiti na magari yaliyozama matopeni. Mapema Desemba 1944 waliingia Kalewa, ukingoni mwa Chindwin, na wahandisi wakatandika hapo daraja la zaidi ya mita 350.

Kule Rangoon, Kawabe alikuwa ameshaondolewa tangu Agosti. Kiti chake alikikalia Jenerali Heitaro Kimura, na Aung San alikuwa ameanza kuzungumza kwa siri na wenzake.

(Itaendelea)