Kumkosoa Usiyemjua: Hukumu na Adabu Zake

 

Imekuwa jambo la kawaida hapa Simbo, na Ujiji, na mwambao wote wa Ziwa Tanganyika, mtu kukosolewa katika dini yake na asiyemjua. Kijana anaswalisha Alfajiri, mwenzake anamrekodi kwa simu na kuisambaza sauti ile, na jua halijapanda ameshajibiwa na mtu wa Rumonge, na wa Kalemie, na mwingine aliyeko Maskati. Huyu anasema qunuti ile ni bid'a, yule anamwita huyu mpotofu, na wa tatu anawatukana wote wawili. Hakuna kati yao aliyewahi kumwona mwenzake.

Je, wajibu wa kuamrishana mema na kukatazana maovu upo hata hapa? Upo. Hadithi ya Tamim ad-Dari (R.A.) iliyomo katika Sahihi Muslim imeifanya nasaha kuwa haki ya Waislamu wote, viongozi wao na watu wa kawaida, wala haikushurutisha wajuane. Lakini wanavyuoni wameuwekea wajibu huo masharti, nayo ndiyo yanayosahauliwa mtu anapomwandikia asiyemwona.

Sharti mojawapo ni kuwa jambo lenyewe liwe ovu kwa makubaliano, au kwa itikadi ya mwenye kulitenda. Tuitazame hiyo qunuti. Kwa Imam Shafii, ambaye madhehebu yake ndiyo yaliyoenea kwetu, qunuti ya Alfajiri ni sunna, na mwenye kuiacha husujudu sijida ya kusahau. Imam Malik naye ameipendekeza. Imam Abu Hanifa na Imam Ahmad hawaioni kuwa ni ya kudumu, ila Waislamu wanapofikwa na msiba. Basi anayemkataza kijana wa Simbo anamkataza jambo ambalo mwalimu wake amelipokea kwa dalili. Lau angeanza kwa kuuliza, "Ndugu yangu, hili mmelitoa wapi?", matusi ya siku nzima yasingekuwapo.

Na kutouliza huweza kuua. Abu Daud amepokea kutoka kwa Jabir (R.A.) kisa cha mtu aliyepasuliwa kichwa kwa jiwe safarini, kisha akapatwa na janaba. Akawauliza wenzake kama ana ruhusa ya kutayamamu, wakamwambia hana, maana maji yapo. Akaoga, akafa. Mtume (S.A.W.) alipopata habari alisema kwa ukali kwamba wao ndio waliomuua, na kwamba dawa ya asiyejua ni kuuliza. Wale walikuwa wakimwona mgonjwa wao na jeraha lake! Vipi basi mtu anayempa fatwa ya kufunga Ramadhani mwanamke mwenye kisukari, hali ya kuwa hajui umri wake, wala dawa zake, wala alivyoambiwa na daktari?

Wahenga wetu katika elimu walikosoana kutoka mbali, na tunazo barua zao. Imam Malik aliyekuwa Madina alimwandikia al-Layth bin Saad wa Misri kumlaumu kwa fatwa zilizokwenda kinyume na watu wa Madina. Al-Layth alimshukuru kwanza, akaikiri fadhila ya Madina, ndipo akajibu hoja. Katika suala la kujumuisha swala mbili usiku wa mvua alikumbusha kuwa mvua ya Sham ni nyingi kuliko ya Madina, na Swahaba waliokuwa huko hawakujumuisha. Hakulegeza neno. Lakini mwishoni alimwomba Malik amwandikie hali yake, watoto wake, na haja yoyote aliyo nayo.

Ama kukosoa hadharani, Ibn Rajab al-Hanbali ameandika risala mahususi ya kutenganisha nasaha na taayir, yaani kumuaibisha mtu. Kauli iliyotangazwa yaweza kujibiwa kwa kutangaza, kwa lengo la kubainisha haki. Aibu ya mtu binafsi haina ruhusa hiyo. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, alipotoa Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932 kule Mombasa, aliwakosoa Waislamu wa pwani bila kuwapaka mafuta, lakini kila msomaji alijua mwandishi ni nani na atampata wapi. Leo anayekosoa mara nyingi ni namba tu. Katika elimu ya hadithi mpokezi asiyejulikana huitwa majhuli, na riwaya yake haisimami peke yake.

Hata hivyo, haki haikataliwi kwa sababu ya aliyeileta. Abu Huraira (R.A.) alifundishwa kusoma Ayatul Kursiy kabla ya kulala na mwizi wa chakula cha zaka, naye alikuwa shetani. Hakuikataa, wala hakutosheka na maneno yake, alimpelekea Mtume (S.A.W.), akathibitishiwa kuwa hapo yule mwongo amesema kweli. Kwa hiyo ukiandikiwa na usiyemjua, yapeleke maneno yake kwa mwenye elimu uliye naye karibu, Simbo au Ujiji.

Limebaki suala la aliyekosoa kisha akabainikiwa kuwa yeye ndiye aliyekosea. Aya ya 160 ya Suratul Baqara, katika kuwataja wanaokubaliwa toba, haikutosheka na kutubu na kutengeneza, imeongeza kubainisha. Basi kufuta ujumbe hakutoshi, kwani umekwisha kufika Kalemie na Rumonge. Ataandika palepale alipoandika mwanzo kuwa amekosea katika jambo fulani, na kama alimvunjia mtu heshima atamtafuta amtake radhi.