NDUGU WA MANENO YA KISLAVI



Katika sanduku la maulizo tulikuta karatasi moja isiyo na jina. Mwenye kuandika anasema alifungua kamusi ya Kirusi katika bibliotheke yetu, ile iliyochakaa ya rafu ya chini, akaona pale neno "baba" na neno "mama". Anauliza: sasa sisi na Warusi tuko ndugu kwa lugha? Chini yake mkono mwingine, kwa wino mwekundu, umeongeza ulizo la pili: "Na neno esclave la Kifaransa, si lilifanywa juu yetu sisi watu weusi?" Ulizo la kwanza lilituchekesha. La pili halikutuchekesha hata kidogo. Kumbe yote mawili yanapita njia moja. Basi tukaenda kutafuta, na profesa wetu wa Kilatini akatusaidia saa za magaribi. Mashine yetu haina herufi za Kirusi, kwa hiyo tunaandika maneno yote kwa herufi zetu, bila alama zao ndogo-ndogo.

Tumalize "baba" upesi. Kwa Kirusi "baba" si mzazi mwanaume, ni mwanamke wa kijijini, ao bibi mzee. Mama wa baba yako ao wa mama yako unamwita "babushka". Maneno ya namna hii yanatoka katika kinywa cha mtoto mchanga: anafunga midomo, anaifungua, inatoka ma, ba, pa, na kila mzazi anafurahi akisema "mimi ndiye ananiita". Inatokea hivyo pande nyingi za dunia. Maneno kama hayo si mashahidi wa undugu.

Undugu wa kweli unajulikana namna gani? Wenzetu wanaosema Kinyarwanda nyumbani wanajua: Kiswahili kinasema kupa, wao wanasema guha; Kiswahili kulipa, wao kuriha; pa- yetu ya mahali, kwao ni ha-. Pale sisi tunaweka p, mara nyingi wao wanaweka h. Kama tofauti inarudia namna moja mara kumi, si kosa la ulimi tena, ni sheria. Ni kwa sheria za namna hii wataalamu walijua kwamba lugha zetu ni jamaa moja, na Wilhelm Bleek akaipa jamaa hiyo jina la Bantu katika kitabu chake cha 1862. Kwa hiyo hapana kutazama sura ya neno moja. Kutazama sheria.

Sasa tuende kwa Waslavi. Lugha zao ni matawi matatu. Mashariki kuko Kirusi, Kiukraine na Kibelarusi. Magharibi kuko Kipolandi, Kicheki, Kislovaki. Kusini kuko Kiserbia, Kikroatia, Kislovenia, Kimasedonia, Kibulgaria na wengine. Kichwa cha mtu, Mrusi anakiita "golova", Mpolandi "glowa", Mcheki "hlava", Mserbia "glava". Hapo hata mtoto anaona undugu. Jirani yao wa kaskazini, Mlituania, anasema "galva". Yeye si Mslavi, lakini ni ndugu wa karibu sana.

Ndugu wa mbali ndio wanatushangaza, kwa sababu wamo katika vitabu vyetu vya Kilatini. Mwaka wa 1786, kule Calcutta katika Uhindi, mwamuzi Mwingereza William Jones alisema wazi kwamba Kisanskriti, Kigiriki na Kilatini vinafanana kupita kiasi, ni lazima vilitoka chemchemi moja. Nyuma yake wengine walionyesha kwamba lugha za Kislavi ni za jamaa ile ile. Sarufi kubwa ya Kislavi cha zamani aliyoandika Mcheki Josef Dobrovský mwaka wa 1822 iliandikwa kwa Kilatini. Kwa hiyo wanafunzi wa seksio ya Latini, msiseme tena kwamba lugha hii imekufa bure!

Angalieni ubaoni pamoja nasi. Kilatini "frater", ndugu, Kirusi "brat". Kilatini "fero", ninabeba. Kirusi "beru", ninachukua. Kilatini "fui", nilikuwa. Kirusi "byl", alikuwa. Kilatini "faba", ile kunde kubwa, Kirusi "bob". Katika maneno haya, pale Kilatini kinaweka f ya mwanzo, Mslavi anaweka b. Haya, sheria ya pili: Kilatini "centum" (wazee wa Roma walisema kentum), mia, Kirusi "sto". "Decem", kumi, "desyat". "Cor, cordis", moyo, "serdtse". Pale k, hapa s. Mtu atasema: lakini hata Kifaransa kinatamka "cent" kwa s. Ndiyo, lakini Kifaransa kilibadilisha chenyewe, karne nyingi nyuma, na sababu nyingine. Watu wawili wanaweza kufika soko moja kwa njia mbili.

Mengine hayaombi hata sheria: "novus" na "novy", kitu kipya, "mare" na "more", bahari, "mater" na "mat", mama, "video" na "vizhu", ninaona. "Sestra" ni dada. Waslavi waliingiza t katikati juu ya ulimi kupita vizuri, na Kilatini kiligeuza s ya katikati kuwa r, ikawa "soror", kiisha Kifaransa kikaifupisha "soeur".

Lakini "pater" haipo! Waslavi walipoteza neno la baba. Wanasema "otets", na hili lilitoka katika "atta" ya watoto wadogo, likakua likavaa nguo za watu wazima. Na dubu vilevile. Dubu ni nyama mkali wa misitu ya baridi. Kilatini kinamwita "ursus", Kigiriki "arktos", na hayo mawili ni ndugu. Mslavi anamwita "medved", maana yake mla-asali: "med" ni asali, na sehemu ya pili ni kula. Wataalamu wanaeleza kwamba wawindaji waliogopa kutaja jina lake lenyewe, asije akasikia na kutokea. Tuliposoma hii hatukuhitaji maelezo mengi. Wengi wetu tumekatazwa na wazee kutaja nyoka usiku, tunasema "kamba". Huko kwao jina la kuogopa likasahauliwa kabisa, likabaki lile la kuzunguka.

Turudi kwa sheria ya k na s, maana inatupeleka kwenye jina la Waslavi wenyewe. Kigiriki "kleos" ni sifa, habari inayosikika. Kwa Kislavi inakuwa "slava", utukufu, na ndugu yake "slovo", neno. Katika mwanzo wa Injili ya Yohana, pale Biblia yetu inaandika Neno, ya Kirusi inaandika Slovo. Wataalamu wengi wanasema jina la Waslavi lilitoka hapa: ni watu wa neno, watu wanaosikilizana. Na Wajerumani, ambao hawakusikilizana nao, wakawaita "nemtsy", maana yake mabubu. Jina hili la dharau lilitembea mbali: Waarabu hata leo wanaita nchi ya Austria "an-Nimsa". Kumwita jirani bubu kwa sababu husikii lugha yake! Sisi pia tuchunge midomo katika mabweni.

Waslavi nao walionja dharau ile ile. Mwaka wa 862 Rastislav, mtawala wa Moravia, alimwomba mfalme Mikaeli III wa Konstantinopoli amtumie walimu wa kufundisha watu wake Ukristo katika lugha yao. Wakatumwa ndugu wawili wa mji wa Thesalonike, mji ule ule ulioandikiwa barua na Paulo: Konstantino, anayejulikana zaidi kwa jina la Kirilo, na mkubwa wake Metodio. Walijua Kislavi kwa sababu Waslavi wengi walikaa kando ya mji wao. Kirilo alitunga herufi mpya, glagolitiki, kutoka "glagol", usemi. Wakaanza kutafsiri Injili. Kule Venezia, mwaka wa 867, mapadri walimshika Kirilo kwa mabishano: Mungu anasifiwa kwa lugha tatu tu, Kiebrania, Kigiriki na Kilatini, kwa sababu Pilato aliandika hizo tatu juu ya msalaba. Wakristo wa kutegemea Pilato! Kirilo aliwajibu kwa maneno ya Paulo kwa Wakorinto, sura ya 14, someni wenyewe. Papa Hadriano II akakubali vitabu vya Kislavi. Kirilo alikufa Roma tarehe 14 Februari 869.

Mwisho wa habari haukuwa mzuri. Metodio alifungwa na maaskofu wa upande wa Wajerumani, akatoka, akafa mwaka wa 885, na wanafunzi wake wakafukuzwa. Kitabu cha zamani cha maisha ya Naum, mmoja wao, kinasema kwamba wengine waliuzwa kama watumwa, mpaka mjumbe wa mfalme wa Konstantinopoli akawakomboa Venezia. Kliment na Naum walikimbilia Bulgaria. Ni huko Bulgaria zilitungwa herufi nyingine, zinazofanana zaidi na za Kigiriki, zikaitwa kirilika kwa heshima ya mwalimu wao. Ndizo za Warusi hata leo.

Waliuzwa. Hapa ndipo tunafika kwenye ulizo la wino mwekundu.

Jibu ni hapana. "Esclave" halikufanywa juu ya watu weusi. Linatoka katika Kilatini cha karne za katikati, "sclavus", na "sclavus" ni jina la Mslavi. Kwa miaka mingi Waslavi walitekwa vitani, wakapelekwa masoko ya Ulaya na ya Waarabu. Ibrahim ibn Yaqub, msafiri aliyefika Praha karibu na mwaka wa 965, aliandika kwamba watumwa ni moja ya bidhaa zilizotoka pale. Katika Andalusia waliitwa "saqaliba", ni jina lile lile. Watu weupe wenye nywele nyepesi waliuzwa wengi hivi mpaka jina la kabila lao likawa jina la mtumwa yeyote. Fikirini kama jina la kabila lako lingepata maana hiyo katika kamusi ya watu wengine. Wazee wa Maniema wanaokumbuka habari za Nyangwe na Kasongo wataelewa vizuri. Wareno na wengine walipoanza kununua watu katika pwani ya Afrika katika karne ya 15, neno lilikuwa tayari mkononi.

Na lina mtoto ambaye sisi wote tunamtumia. Watu wa Venezia walikuwa wanaagana kwa kusema "mimi mtumwa wako", kwa lugha yao "s-ciavo". Likafupishwa likawa "ciao". Kila siku ya posho, pale langoni, tunaagana "tchao, tchao", hakuna anayejua amesema nini.

Waslavi wenyewe wanamwita mtumwa "rab". Pale Biblia yetu inasema Paulo ni mtumwa wa Kristo, ya Kirusi inasema "rab". Kutoka hapo "rabota", kazi. Ndugu wa mbali ni Kijerumani "Arbeit", kazi, na Kigiriki "orphanos", ambalo limetupa Kifaransa "orphelin", yatima. Mzizi wa wote ni mtu aliyebaki bila wake wa kumtetea: huyo anakuwa yatima, kiisha mtumwa, kiisha kazi yake inapata jina lake. Katika nchi ya Wacheki "robota" ilikuwa siku za kazi ya lazima kwa bwana wa shamba, mpaka ilipofutwa mwaka wa 1848. Mwaka wa 1920 Mcheki Karel Čapek alitoa mchezo wa kuigiza wenye watu wa kutengenezwa kiwandani, na ndugu yake Josef akamshauri awaite "robot". Hizo mashine zilizowekwa Kinshasa tangu 2013 kuongoza magari katika njia panda zinabeba jina la salongo ya Wacheki.

Waslavi waliazima pia. "Tsar" ni Kaisari wa Injili. "Korol", mfalme, inatoka katika jina la Karolo Mkuu, aliyekufa mwaka wa 814. "Subbota" ni sabato. Siku nyingine walizihesabu: "vtornik" ni ya pili, "chetverg" ya ine, "pyatnitsa" ya tano, sawasawa na sisi huku Kongo, siku ya pili, siku ya ine, siku ya tano. Watu wa pwani wanaanza kuhesabu siku ya posho, kwa hiyo Jumatano yao ni siku yetu ya tatu! Siku ya Mungu, Warusi wanaiita "voskresenye", ufufuko.

Neno moja tulibishana kama tuliandike: "kalash", ambalo watoto wa huku wanalijua mbele ya kujua kusoma. Ni jina la Mrusi aliyeitunga, Kalashnikov. Na jina la ukoo huo linatoka kwa "kalachnik", mwokaji wa "kalach", mkate wa mviringo, kutoka "kolo", gurudumu.

Kazi kwa seksio ya Latini: tafuteni ndugu wa Kilatini wa maneno haya ya Kirusi: "nos", "dom", "noch", "sol". Angalisho: moja kati yao ni mtego, si jua. Majibu muweke katika sanduku mbele ya siku ya tano, na majina yenu safari hii.