Chozi wa mchana, nondo wa jioni

Kitu alichonionyesha mama mmoja mkulima, nje kidogo ya mji wa Bomet, kimekataa kunitoka akilini. Alikuwa akichimba viazi vitamu kando ya shamba lake la chai, jembe likafukua pupa mnene wa rangi ya kahawia, urefu wa kidole. Chini ya kichwa chake palijikunja kitu mfano wa kishikio cha birika. Alipomweka kiganjani, pupa akapinda mkia huku na huku.

Kishikio hicho ni ala ya mkonga. Humo hukua mrija wa kunyonyea wa nondo aitwaye kitaalamu Agrius convolvuli, nao ukikamilika huupita mwili wake kwa urefu.

Mnywaji mwingine wa nekta, ndege aitwaye chozi, mama anamfahamu zaidi. Anasema ndege huyo ana kiburi: kila asubuhi hulinda maua yake ya rangi ya machungwa uani na kumtimua yeyote anayeyakaribia. Miaka ya 1970, watafiti Frank Gill na Larry Wolf waliliona jambo hilohilo hapa Kenya: chozi mwenye mabawa ya dhahabu hulinda eneo lenye maua takriban 1,600, yanayotosha chakula chake cha siku. Hutua shinani, akainama, akanywa.

Nondo hana boma la kulinda. Jioni ya baridi ya Bomet hawezi hata kuruka mara moja. Kwanza hutetemesha misuli ya kifua mpaka ipate joto, ndipo huinuka, akasimama hewani mbele ya ua jeupe na kuukunjua mkonga. Mama amemwona mara nyingi kwenye maua ya uzio wa boma, akamdhania ndege mdogo. Hakujua ni yuleyule aliyekuwa kiwavi mwenye pembe mkiani, anayekula majani ya viazi vyake na ambaye yeye humponda bila huruma.

Je, aendelee kumponda? Mwanasayansi Dino Martins ameonyesha kuwa mipapai ya Kenya huchavushwa na nondo wa jamii hii, na kwamba wao hutegemea mimea ya asili iliyo karibu na shamba. Mama alinisikiliza, akauliza nani atamlipa majani yaliyoliwa. Sikuwa na jibu.

Alimrudisha pupa udongoni. Nawe mkulima, kabla ya kufyeka kichaka cha mwisho mpakani mwa chai yako, chungulia maua yake jioni.