Sauti ya akina Zawose, albamu kwa albamu

Wapenzi wa roki nzito wana ubishi mmoja usiokwisha: bendi ikitoa albamu mpya isiyofanana na ya kwanza, je, imekua au imejisaliti? Bring Me the Horizon, bendi ya metalikoo kutoka Sheffield, Uingereza, mwaka 2006 ilitoa albamu yake ya kwanza, *Count Your Blessings*, ya mayowe na magitaa yanayonguruma. Kufikia *amo* ya mwaka 2019 ilikuwa ikiimba melodi laini juu ya midundo ya kompyuta, na mashabiki wake wa zamani wengi walikuwa wamenuna. Ubishi huohuo unaihusu pia familia moja ya Wagogo, na kwao una uzito zaidi, kwa sababu walichokibeba si mtindo wa bendi bali muziki wa watu wazima na watoto wa nchi nzima ya Ugogo.

Hukwe Ubi Zawose alizaliwa kijiji cha Doduma, mkoani Dodoma, mwishoni mwa miaka ya 1930. Anayeishi Hombolo, Chamwino au Mvumi hahitaji kuelezwa muziki aliokulia ndani yake: nindo ya wanaume wenye njuga miguuni, muheme wa wanawake, zeze jioni. Mwalimu Nyerere alimwita Dar es Salaam, na baadaye akahamia Bagamoyo, kilipoanzishwa Chuo cha Sanaa mwaka 1981. Huko ndiko alikoishi hadi alipofariki tarehe 30 Desemba 2003.

Ala iliyomtambulisha ni ilimba: sanduku la mbao lililopangwa vijiti bapa vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba. Zipo ndogo za kuchezea njiani. Za Hukwe zilikuwa kubwa, za kupakata, zenye makumi ya vijiti. Sehemu ya vijiti hivyo haiguswi kabisa; hutetema vyenyewe vijiti jirani vinapopigwa na kuacha mwangwi nyuma ya kila noti. Kwenye tundu la sanduku hubandikwa utando wa buibui, ule mzito anaofunikia mayai yake, nao huifanya sauti ikwaruze na kuvuma kama nyuki ndani ya mzinga. Mpiga gitaa wa metali hununua kifaa cha umeme ili sauti yake isitoke safi. Wagogo walitafuta ukwaruzo huo muda mrefu kabla ya umeme kufika, na wakaupata.

Halafu kuna mpangilio wa noti. Ngazi ya Kigogo ina noti tano, na hazikai mahali pa noti za piano. Zinafuata sauti zilizojificha ndani ya uzi mmoja unaotetema: uzi hutetema mzima, nusu, theluthi, robo na kuendelea, na kila kipande kina sauti yake. Ya saba katika mfuatano huo iko chini ya noti ya piano iliyo karibu nayo kwa takriban theluthi ya nusu-toni. Kwenye karatasi ni kitu kidogo. Masikioni ndiyo ladha yote, na ndiyo mtihani wa kila prodyuza aliyewahi kuweka kinanda kando ya ilimba.

Albamu iliyomfungulia Hukwe milango ya Ulaya ni *Tanzania Yetu*, iliyotolewa Uingereza na Triple Earth mwaka 1985. Huo ni muziki wa kundi: ngoma, zeze, marimba na waitikiaji. Miaka kumi na moja baadaye ikaja *Chibite*, kupitia Real World, lebo ya Peter Gabriel, na hapo karibu kila kitu kimeondolewa. Wamebaki wanaume wawili, Hukwe na mpwa wake Charles. Sauti ya mzee huanzia chini kabisa kooni, imejaa kokoto, kisha bila kutoa taarifa hupaa juu kama ya mtoto wa kike, huku Charles akiingia kwenye nafasi anazoachiwa. Kwa sikio la mwandishi huyu, hakuna rekodi nyingine ya familia hiyo iliyoifikia.

Mwaka 2002 Hukwe alijaribu kitu ambacho wengi wa umri wake wangekikataa. Alitoa *Assembly* pamoja na Michael Brook, mpiga gitaa wa Kanada aliyekwishafanya kazi kama hiyo na mwimbaji wa Pakistani Nusrat Fateh Ali Khan. Mizunguko ya ilimba imezingirwa na gitaa la umeme, besi na midundo ya studio. Pale Brook anapoufuata mzunguko wa ilimba, nyimbo zinatembea. Pale midundo inapotangulia, ilimba inageuka pambo, na hilo linauma. Hata hivyo uamuzi wenyewe ulikuwa wa haki. Mtu aliyeibeba ala kutoka vijijini hadi majukwaa ya dunia alikuwa na kila sababu ya kuipima na chochote alichokikuta huko.

Mwanawe Msafiri alikwenda mbali zaidi. *Uhamiaji*, iliyotoka kwa Soundway mwaka 2017, ina vinanda vya umeme na mwangwi wa dabu kutoka Jamaika, lakini safari hii mashine zimewekwa chini ya ilimba, hazikupandishwa juu yake. Msafiri alizaliwa ndani ya muziki wa baba yake na akakua akisikia kila kitu kingine redioni, kwa hiyo hatafuti ruhusa ya kuchanganya.

Mashine hazikuwavuta akina Zawose peke yao. Nairobi nako, vijana wawili waliotoka kwenye bendi za metali, Martin Khanja na Sam Karugu, walitoa albamu ya kwanza ya kundi lao Duma mwaka 2020 kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Walitupa seti ya ngoma na kushika kompyuta. Mayowe ya Khanja hayakuguswa.

Mabadiliko makubwa zaidi kwa akina Zawose hayakutokana na mashine. Mwaka 2024 Real World ilitoa *Maisha* ya The Zawose Queens, yaani Pendo, binti wa Hukwe, na Leah, mjukuu wake. Kwa miaka mingi wanawake wa familia hiyo waliimba nyuma, wakiitikia. Jambo hilo linashangaza ukikumbuka kwamba Ugogoni muheme ni ngoma ya wanawake, wanaoibana katikati ya mapaja na kuipiga wamesimama huku wakiimba. Sasa wao ndio wanaotangulia, na albamu ilirekodiwa nje, Bagamoyo, si ndani ya kuta za studio ya Ulaya. Elektroniki zimo, kwa kiasi. Sauti mbili za kike zinazopishana zimeipa ngazi ileile ya noti tano mwanga ambao Hukwe na Charles wasingeweza kuutoa.

Anayetaka kuzisikiliza aanze na *Chibite*, aruke hadi *Maisha*, ndipo arudi kwenye *Assembly* akiwa ameshajua cha kutafuta. Na atumie spika nzuri au vifaa vya masikioni, kwa sababu ule mvumo wa utando wa buibui hupotea kabisa kwenye spika ya simu.