Siku Moja Katika Theluji ya Ben Nevis

Wengi wetu tunaijua theluji kwa mbali tu. Mkulima wa Nyeri au Meru hutoka nje alfajiri, huutazama Mlima Kenya, huona weupe kileleni, kisha hushika jembe lake akaenda shambani. Nami nilikuwa hivyo hivyo mpaka nilipopelekwa masomoni Uskoti, nikapata kuikanyaga theluji kwa miguu yangu mwenyewe. Napenda kuwasimulia wasomaji habari za siku hiyo, maana nilijifunza jambo ambalo sikulipata darasani.

Ilikuwa Jumamosi moja ya mwezi wa Aprili, mwaka wa 2018. Katika nchi ile Aprili ni wakati wa majani kuchipua na kondoo kuzaa. Lakini huko juu milimani baridi huwa haijaondoka. Mlima wa Ben Nevis, ulio karibu na mji wa Fort William, una urefu wa futi 4,413, nao ndio mrefu kuliko yote ya Uskoti na Uingereza. Mtu aliyezoea Mlima Kenya, wenye futi zaidi ya 17,000, aweza kuucheka. Asicheke. Njia yake huanza karibu na usawa wa bahari, na nchi yenyewe iko mbali sana kaskazini, hata theluji ya kileleni mara nyingi huwa nene kabisa wakati ambapo watu wa bondeni wamekwisha kuvua makoti.

Tulikuwa watu watatu: mimi, mwanafunzi mwenzangu, na mzee mmoja mwenyeji aliyeizoea milima ile tangu ujana wake. Usiku wa kuamkia safari nilipiga hesabu, kama ilivyo desturi yetu makarani. Mwaka wa 1892 Mskoti mmoja, William Naismith, alitoa kanuni ya kupima safari za milimani: saa moja kwa kila maili tatu, na saa moja zaidi kwa kila futi 2,000 za kupanda. Kwa kuwa njia ya kupanda ni maili tano na kidogo, nilipata saa nne hivi. Nikamwonyesha mzee karatasi yangu. Akaisoma, akanirudishia, akasema, "Hesabu ni sawa, Bwana, lakini theluji haijaisoma." Kisha akatupa sharti moja: ikifika saa nane mchana, popote tutakapokuwa, tutageuka.

Tuliondoka saa moja asubuhi. Njia ya mawe ilitupandisha vizuri mpaka ziwa dogo lililo karibu na nusu ya mlima. Hapo theluji ikaanza. Ilikuwa imegandishwa na baridi ya usiku, ngumu kama sakafu, na viatu vyetu viliacha alama ndogo tu. Nilifurahi moyoni, nikaona karatasi yangu itashinda.

Saa tano jua likatoka, na mambo yakabadilika. Joto liliyeyusha tabaka la juu lililotubeba, na chini yake palikuwa na theluji laini, yenye maji, iliyofika magotini na mara nyingine mapajani. Mtu aliyewahi kutembea katika udongo mweusi wakati wa masika atanielewa. Ila tope halidanganyi, theluji hudanganya: hatua tano hukubeba, ya sita hukumeza. Wa mbele ndiye afunguaye njia, naye huchoka upesi, kwa hiyo tulipokezana kila hatua mia.

Mzee alituonya tusipite karibu na mawe makubwa, kwa sababu jiwe hupata joto la jua na kuyeyusha theluji iliyo kandokando yake, pakawa na shimo lisiloonekana. Mwenzangu alisahau. Alizama mpaka kiunoni, na mguu wake ukabanwa kati ya mawe mawili. Tulichimba kwa mikono robo saa nzima. Mguu ulitoka mzima, tukamshukuru Mungu. Kama ungalivunjika, sijui tungalimshushaje.

Saa nane ilitukuta mahali ambapo mteremko mkali huisha na uwanda wa juu huanza. Saa saba zilikuwa zimepita, na karatasi yangu ilisema nne. Nikamsihi, "Mzee, zimebaki futi mia nne tu!" Nilikuwa nimewaahidi watoto wangu picha ya kileleni, na niliona aibu kurudi bila hiyo.

Akanijibu, "Tazama saa yako, Bwana, usitazame kilele." Kisha akatuonyesha ukungu uliokuwa ukishuka. Upande wa kaskazini wa uwanda ule kuna majabali yanayoanguka futi 2,000 hivi. Upepo wa miezi ya baridi hujenga theluji ukingoni mwake, ikatokeza nje bila kitu chini yake. Ukungu ukifunika, weupe wa chini na weupe wa mbinguni huwa kitu kimoja, na mtu hukanyaga hewa akidhani ni ardhi. Hata arudiye kwa dira hana budi kuangalia sana, maana upande wa pili kuna korongo baya liitwalo Five Finger Gully.

Tukageuka. Hata kushuka kulikuwa kazi, kwa kuwa mashimo ya nyayo zetu yalikuwa yamejaa theluji ya majimaji. Tulifika bondeni saa kumi na moja na nusu, miguu imelowa, nasi salama.

Njia ilikuwa ile ile, siku ile ile, na watu wale wale; lakini njia ya asubuhi haikuwa njia ya mchana. Ndiyo sababu mzee aliiweka saa ya kurudi mapema, kabla tamaa haijapata nafasi ya kusema. Wazee wetu walisema, "Kawia ufike." Picha niliyowapelekea watoto ni ya watu watatu waliosimama katika theluji magotini, na nyuma yao ukungu mtupu. Mdogo wao aliuliza kilele kiko wapi. Nikamwambia kimo ndani ya ukungu huo, na baba yake yuko nje yake.