Betri ya Droni Huharibikia Kabatini

Droni ndogo ya mashindano, ile ambayo mwenyewe huiunda kwa fremu ya nyuzi za kaboni na mota nne, huhitaji chanzo cha umeme kilicho chepesi na kinachoweza kutoa mkondo mkubwa kwa ghafla, na hadi sasa kazi hiyo hufanywa zaidi na betri za lithiamu polima, ambazo wapenzi wa mchezo huu huziita lipo kwa kifupi. Lipo ni ya ukoo wa lithiamu-ioni, ukoo ambao kampuni ya Sony iliuingiza sokoni mwaka 1991 na ambao waasisi wake watatu, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2019. Kinachoitofautisha ni vazi lake: badala ya kopo la chuma, tabaka zake hufungwa katika mfuko mwembamba wa alumini na plastiki unaofanana na pakiti ya maziwa, na mfuko huo, pamoja na kupunguza uzito, huiacha betri bila ngao dhidi ya msumari, kishindo au rafadha iliyovunjika.

Ubavuni mwa betri huandikwa mambo matatu, kwa mfano 4S, 1500 mAh na 100C. Herufi S huhesabu seli zilizounganishwa mfululizo. Kwa kuwa kila seli huhesabiwa kuwa ya volti 3.7 na hujaa ikifika volti 4.2, betri ya seli nne ni ya volti 14.8 na hufikia 16.8 ikiwa imejaa. Betri ya seli sita ikifungwa kwenye mota na vidhibiti vilivyokusudiwa seli nne huvipa volti zilizozidi kwa nusu nzima, na kidhibiti huweza kuungua kabla droni haijapaa. Miliampea-saa ni kipimo cha ujazo, nayo C huonyesha betri inaweza kutoa mkondo mara ngapi ya ujazo huo: ampea 1.5 zikizidishwa kwa 100 ni ampea 150. Hiyo ndiyo namba ya kutiliwa shaka kuliko zote, maana watengenezaji hawafuati kipimo kimoja na karatasi ya nje hukubali chochote inachoandikiwa. Mizani husema kweli zaidi, kwani seli inayomudu mkondo mkubwa kwa kawaida huwa nzito kuliko mwenzake wa ujazo uleule; tena chaja nyingi nzuri hupima ukinzani wa ndani wa kila seli, na betri mpya ambayo seli yake moja imeziacha nyingine mbali haifai kununuliwa.

Chaja yenyewe sharti iwe ya lipo, na waya mwembamba wa kusawazisha, wenye plagi ndogo nyeupe, uchomekwe kila mara ili kila seli isimamiwe peke yake. Mkondo salama ni sawa na ujazo: betri ya miliampea-saa 1500 huchajiwa kwa ampea 1.5, kazi ya saa moja hivi. Seli ikipitishwa volti 4.2, kimiminika kilichomo huanza kuvunjika na kutoa gesi. Ikishushwa chini sana ya volti 3, shaba iliyo ndani huanza kuyeyuka, na betri ikichajiwa tena shaba hiyo huweza kujijenga mahali isipotakiwa na kusababisha shoti. Ndani ya seli shoti huzaa joto, joto huchochea kemikali zitoe joto zaidi, na mwendo huo ukishashika kasi hauzuiliki. Moshi wake una floridi ya hidrojeni, gesi yenye sumu, ndiyo sababu betri huchajiwa kwenye sakafu ya saruji karibu na mlango, mbali na godoro na mapazia, mwenyewe akiwa macho.

Hata hivyo betri nyingi haziuawi na chaja wala na anguko. Huuawa na Jumamosi ya mvua: rubani huzijaza sita usiku wa Ijumaa, mvua hunyesha, naye huzirudisha kabatini zikiwa na volti 4.2 kwa kila seli na kuzisahau kwa mwezi mzima. Seli iliyojaa huzeeka upesi, na joto la Mombasa au Dar es Salaam huongeza kasi hiyo, sembuse la buti ya gari lililoegeshwa juani. Chaja karibu zote zina programu ya hifadhi inayoishusha au kuipandisha seli hadi volti 3.8 au 3.85, na programu hiyo huokoa fedha nyingi kuliko ununuzi wowote wa busara. Dalili za uzembe hutambulikana kwa mkono na pua: betri iliyokuwa bapa huanza kuwa na tumbo kama mto mdogo, na mfuko uliopasuka hutoa harufu tamutamu inayokumbusha dawa ya kufutia rangi ya kucha. Betri ya namna hiyo haichajiwi tena, wala haitobolewi kutoa hewa, ushauri ambao bado husikika.

Msafiri wa ndege hubeba betri za akiba katika mzigo wa mkononi, ncha zake zikiwa zimefunikwa kwa utepe wa gundi; ile ya mfano wetu haina shida, kwani volti 14.8 mara ampea-saa 1.5 ni wati-saa 22.2, chini sana ya kikomo cha kawaida cha 100.

Betri iliyokwisha humalizwa umeme wake taratibu, nje ya nyumba, kwa kuiunganisha na balbu za gari. Kwa seli nne, balbu mbili za volti 12 zilizofuatana hutosha. Zikizima, betri huachwa hivyo hivyo hadi voltimita isome karibu na sifuri, kisha hupelekwa kwa wakusanyaji wa taka za kielektroniki. Akitaka kuokoa plagi, mwenye betri hukata waya mmoja, huufunika, ndipo hukata wa pili, kwa kuwa koleo linalouma zote mbili kwa pamoja huziunganisha kwa chuma chake chenyewe.