Saa za kibarua: kwa nini fomu ya simu inauliza wadi na aina ya kazi

Kibarua anayezibua mitaro hufika kazini saa mbili asubuhi na kuondoka saa kumi na moja jioni. Ukitoa saa moja ya chakula, amefanya kazi kwa muda wa saa 8. Asubuhi alikuwa sokoni, na baadaye gari likampeleka wadi jirani. Lakini kwenye daftari la mahudhurio, au kwenye programu ya simu inayorekodi saa za kazi, siku hiyo yote huonekana hivi: jina, tarehe, saa 8.

Rekodi hiyo ni ya kweli, ila haitoshi. Malipo yakipungua, ni vigumu kuonyesha kazi ilifanyika wapi na nani aliishuhudia. Mkazi naye akiuliza ni saa ngapi zilitumika kwenye mtaro wa mtaa wake, hapati jibu.

Programu nyingi za aina hii huja na visanduku vichache tu vya kujaza. Hata hivyo, humruhusu msimamizi wa mfumo kuongeza vingine kulingana na kazi ya idara.

Visanduku gani viongezwe?

Kwa makundi ya usafi na barabara, vinne vinatosha:

• Wadi
• Aina ya kazi
• Mradi unaogharimia malipo
• Msimamizi aliyethibitisha

Kwa visanduku hivyo, siku ya kibarua wetu hurekodiwa mara mbili: saa 5 za kusafisha soko, kisha saa 3 za kuzibua mtaro wadi jirani. Jumla ni ile ile, lakini kila saa ina mahali pake.

Ni bora wadi na aina ya kazi zichaguliwe kutoka kwa orodha kuliko kuandikwa. Mmoja akiandika “Soko la Mjini”, mwingine “soko mjini” na wa tatu “sokoni”, kompyuta huhesabu hayo kuwa maeneo matatu.

Kisanduku kisichoweza kukosekana, kama wadi, kifanywe cha lazima. Vikizidi, watu hujaza chochote ili wamalize, kwa hivyo ni vyema kujaribu fomu na kundi moja kwanza. Kisanduku kisichohitajika tena kifungwe, kisifutwe. Katika baadhi ya programu, kukifuta hufuta pia yote yaliyowahi kujazwa humo.

Haki yako ni ipi?

Chini ya kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kibarua aliyemfanyia mwajiri kazi kwa siku za kazi mfululizo zinazofikia mwezi mmoja huhesabiwa kama aliyeajiriwa kwa masharti ya mwezi. Bila rekodi kamili, kuthibitisha siku hizo ni kazi ngumu.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 nayo inataka zikusanywe taarifa zinazohitajika tu. Kabila au dini yako haihusiani na saa ulizofanya kazi. Una haki ya kuona taarifa zako na kutaka kosa lirekebishwe.

Kwa mkazi anayetaka kujua kazi iliyofanyika katika wadi yake, Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kuamua ombi lake.

Ikiwa wewe ni kibarua, fanya haya:

1. Andika saa zako na mahali ulipofanya kazi katika kijitabu chako kila jioni.
2. Mwombe msimamizi akuonyeshe kilichojazwa kabla ya orodha ya malipo kupelekwa.
3. Ukiona kosa, liripoti siku hiyo hiyo kwa maandishi na ubaki na nakala.

Kosa la saa 2 hurekebishwa kwa urahisi leo, wakati kila mtu bado anakumbuka. Baada ya mwezi mmoja, huwa ni neno lako dhidi ya la msimamizi.